Jibu kwa anayejenga mgahawa wa chuma Jambiani: usikubali achomelee juu ya zinki

Simamisha kazi leo, ndugu yangu. Umeuliza bei ya skwea paipu, umeuliza kibali, halafu mwisho kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, ukasema fundi atachomelea kenchi (fremu za paa) za bomba zilizopakwa zinki palepale ufukweni kisha "atapiga silva". Hilo la mwisho ndilo litakalokula pesa yako.

Mie nilijengewa banda la kulia chakula Matemwe, huku huku Unguja, upande unaopigwa na kusi. Mkandarasi aliniapia kwamba bomba za zinki haziozi. Akazikata kwa grainda, akachomelea, akapaka silva ikang'aa kama sahani ya sikukuu. Bomba zenyewe hazikuwa na neno. Kilichooza ni maungio. Kila ilipopita weldi rangi ilifura malengelenge, na siku nilipochokonoa kwa bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, maji ya kahawia yakachuruzika kutoka ndani ya bomba. Na chini yake wageni walikuwa wakila! Tulishusha paa zima. Yule bwana hapokei simu, na bado anajengea watu. Mtu anayemwambia mwenye mali "hapa hapaozi" hatua chache kutoka maji ya chumvi hafai kukabidhiwa hata banda la kuku.

Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419 na kuchemka kwenye 907. Weldi inayeyusha chuma chenyewe, ambacho kinataka karibu 1,500. Basi pale pa weldi zinki yote imeshapaa na ule moshi mweupe, nje na ndani. Nje utapaka. Ndani ya bomba utaingiza brashi gani? Na hiyo silva ya dukani ni rangi tu. Zinki hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kipone. Rangi ikishakwaruzika haimlindi mtu.

Wala usiniambie mbona banda la namna hiyo linasimama imara. Tetemeko la Northridge, Marekani, la Januari 1994, liliacha majengo mengi ya chuma yamesimama, watu wakadhani yamesalimika. Walipobandua mapambo ya kuta ndipo wakakuta weldi za boriti na nguzo zimepasuka. Watafiti wakaja na njia ya kupunguza upana wa boriti karibu na nguzo, ili chuma kijipinde pale na weldi isiguswe. Wote hao walikuwa wakihangaikia ungio. Sisi hapa hatuna tetemeko la namna hiyo, tuna chumvi kila siku, na upepo nao tusiuchezee: kimbunga cha 1872 kilifyeka mikarafuu ya Unguja.

Kwa hiyo: kata, chomelea na toboa matundu yote karakana, kisha ndipo vipande vitumbukizwe kwenye zinki ya moto, iliyoyeyushwa, hata kama ni kuvipakia boti kwenda bara. Chuma kinachozidi unene wa milimita 6 kipate tabaka la zinki la wastani wa maikroni 85 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Bomba lililozibwa litobolewe pa kupumulia, la sivyo litapasuka ndani ya tangi la zinki. Ufukweni ni bolti na nati tu, nazo ziwe za zinki hiyohiyo. Mashine ya weldi isishuke garini.

Fundi akija kesho mpe mchoro akuoneshe kila tundu la bolti litakaa wapi. Akikataa, mpe nauli yake utafute mwengine.