Maltimita imelia, mbona hita bado inarusha RCD?

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kiamunyi hapa Nakuru. Nina hita ya tangi ya lita 50, na kibandiko chake kinasema wati 1500. Mwezi uliopita ilianza kurusha RCD, ile swichi ya kukata stima inapovuja, kwenye ubao wa breka. Hairuki mara inapowashwa, huruka baada ya robo saa hivi. Nilinunua maltimita ndogo, kile kifaa cha kupimia stima, mjini, nikazima stima, nikapima elementi, kile chuma cha ndani kinachochemsha maji. Ililia pii na kuonyesha omu 39 za upinzani wa stima. Fundi wa mtaani naye akapima, akasema elementi ni nzima, shida ni RCD iliyo kali mno. Akachomoa waya wa ardhi kwenye hita. Tangu siku hiyo hairuki na maji yanapata moto vizuri, ila mke wangu anasema akishika bomba la kuogea anahisi kitu kinamtekenya vidole. Nitajuaje kwa hakika, nikiwa hapa nyumbani, kama elementi ni mbovu?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kabla hujafika aya ya pili, nenda kwenye ubao wa breka uzime hita hiyo, kisha urudi tuendelee. Huko kutekenywa kwa mama ndiko majibu ya kipimo. Kwa sasa anayepima elementi yako ni yeye, tena kwa vidole vyake.

Omu 39 ulizopata ni sawa kabisa. Stima yetu ni volti 240. Zidisha 240 kwa 240, gawa kwa wati 1500, unapata omu 38.4. Kile kidogo kilichozidi ni cha nyaya za maltimita yenyewe. Kwa hiyo uzi wa ndani haujakatika, na hapo ndipo elimu uliyoipata inapoishia. Naletewa elementi zimefungwa kwenye gazeti, mwenyewe akiapa ni nzima kwa sababu "imelia." Mlio unasema kwamba ipo njia ya stima kutoka ncha moja hadi ya pili. Kama kuna njia ya tatu, ya kutoka kwenye uzi kuingia majini, mlio hauijui.

Na hata kwa hilo dogo, mlio si wa kuaminika. Maltimita hulia upinzani ukishuka chini ya kiwango fulani. Nyingi huwa kati ya omu 30 na 70, na kila moja ina kiwango chake. Yako imelia kwa 39, ya jirani inaweza kunyamaza kwa elementi hiyo hiyo. Nimewahi kuokota elementi nzima kwenye pipa la taka la mteja kwa sababu tu "haikulia," na yeye alikuwa ameshanunua nyingine. Kinyume chake, elementi iliyojishika kwa ndani ikabaki na omu mbili italia vizuri kuliko zote. Soma namba, mlio uwaachie watoto.

Sasa tazama elementi yenyewe. Ni uzi wa nikromu uliosokotwa kama springi, ukalazwa ndani ya bomba jembamba la shaba au la chuma kisichoshika kutu. Nafasi iliyobaki hushindiliwa unga mweupe wa magnesiamu oksaidi. Unga huo hupitisha joto na kuzuia umeme, na si vitu vingi vinavyoweza yote mawili. Ila hufyonza unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Bomba likipata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, unyevu huingia na stima huanza kuvuja. Elementi ikiwa baridi, ufa umejibana. Ikipata moto, chuma hutanuka, ufa hufunguka, na unga wenyewe ukiwa moto huzuia umeme kwa udhaifu zaidi. Ndiyo maana yako ilikuwa inangoja robo saa. Ulipima ikiwa baridi, tena ncha kwa ncha, ukaukosa ugonjwa mara mbili.

Kinachopasua bomba mara nyingi ni ukoko wa chokaa, ule ule unaouona ndani ya birika. Joto hushindwa kutoka, bomba likajiunguza lenyewe. Wengi hapa Nakuru huilaumu floridi. Floridi ya visima vya Bonde la Ufa ni ya kweli, na meno ya kahawia ni ushahidi tosha, lakini elementi haina meno.

Twende kwa hiyo RCD iliyoitwa kali. Kazi yake ni kulinganisha stima inayokwenda na stima inayorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata. Hita yako inakula ampea 6 na robo, na breka ya kawaida ya ampea 20 haiwezi kuona upotevu mdogo kama huo. Ingekaa imetulia huku mtu anakufa bafuni. RCD ilikuwa inaruka kwa sababu stima ilivuja kwenye chuma cha tangi, ikashuka kwa waya wa ardhi, haikurudi ilikotoka. Yaani ilikuwa inafanya kazi uliyoilipia.

Fundi wako alipochomoa waya wa ardhi hakuziba uvujaji, aliuondolea njia tu. Stima bado iko kwenye chuma cha tangi na kwenye maji, inatafuta pa kupitia, na mabomba ya siku hizi ni ya plastiki, hayaipi njia. Mama akisimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji na kushika bomba, njia imepatikana. RCD inangoja mwili wa mtu uwe waya wa ardhi ndipo ijue kuna shida! Mpaka leo haijaruka kwa sababu kinachompitia mama hakijafika kiwango chake. Siku kitakapofika, tutabaki kuomba kwamba RCD yenyewe ni nzima. Je, kitufe chake cha kujaribia umekibonyeza lini mara ya mwisho? Kibonyeze leo. Isiporuka, nayo ibadilishwe.

Mtu wa namna hiyo mimi simwiti fundi. Amemfunga mbwa mdomo kwa sababu anabweka usiku, kisha akakulipisha kwa kukuletea utulivu.

Haya, kupima. Kuzima umeshajua, ila usiiamini swichi ya ukutani peke yake, zima kwenye ubao. Hakikisha kwa maltimita kwamba hakuna volti kwenye ncha za hita, na kabla ya hapo ijaribu maltimita hiyo kwenye soketi yenye stima. Betri ikiisha, au waya wake ukikatika kwa ndani, itakuonyesha sifuri hata penye mauti. Tesita ya bisibisi yenye kitaa ndani iache kwenye sanduku, nimeiona ikidanganya kote kuwili.

Chomoa nyaya zote mbili kwenye elementi, la sivyo utapima thamostati, ile swichi ya joto, na kile kitaa chekundu pamoja nayo. Geuza maltimita kwenye omu, kipimo cha juu kabisa, megaomu (omu milioni) 2 au 20. Ncha moja ya maltimita iguse ncha ya elementi, nyingine iguse chuma cha flanji, ile sahani inayoishikilia elementi kwenye tangi, mahali ulipopakwangua pakang'aa. Vidole vyako visiguse chuma cha ncha zote mbili, maana utakuwa unajipima mwenyewe. Rudia kwa ncha ya pili ya elementi. Unataka kuona OL, au 1 peke yake upande mmoja wa kioo, kutegemea aina ya maltimita, yaani upinzani ni mkubwa kupita kipimo chake. Ukipata namba yoyote inayotulia, elementi hiyo ni ya kutupa. Usije ukanipigia kuuliza kama inaweza kukaushwa juani.

Ikiwa OL, pima ikiwa moto. Hatua hii karibu kila mtu huiacha. Rudisha nyaya, ule wa ardhi uwe wa kwanza, funika kifuniko, washa, na bafuni asiwepo mtu. RCD ikiruka, zima breka ya hita, hakikisha tena hakuna volti, chomoa, upime upesi kabla haijapoa. Elementi iliyokuwa kimya asubuhi huanza kusema.

Na ikikaa kimya hata hapo, bado sikupi cheti. Maltimita hupima kwa volti chache za betri, ilhali stima ya nyumbani hupanda hadi karibu volti 340 kwenye kilele cha kila wimbi. Ufa unaozuia volti tatu unaweza kusalimu amri mbele ya 340. Kazi hiyo ina kifaa chake, mafundi tunakiita mega, kinachosukuma volti 500. Chini ya megaomu 1, elementi hairudi kwenye tangi langu. Kwa hiyo ukimwita fundi mwingine, muulize mambo mawili kabla hajavua viatu: ana leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, na ana mega? Asiye na mega, kwa ugonjwa kama wako, anapiga ramli.

Nikiwa hapo hapo, niseme na wenye nyumba za kupangisha, kwa sababu barua ya Mwalimu inahusu tangi lakini maiti nyingi ninazoziogopa ziko kwenye zile shawa za umeme za kichwa cha plastiki. Ndani ya nyingi uzi uko uchi, unaoga na wewe. Hakuna unga, hakuna bomba. Ulinzi wake ni waya wa ardhi na RCD, na hatari huongezeka maji yakiwa na chumvi, kwa kuwa hupitisha stima zaidi. Ndiyo maana dukani kuna za maji ya kawaida na za maji ya chumvi, na za chumvi ni ghali. Mwenye nyumba hununua ya rahisi, akaiunganisha na kisima.

Uzi ukikatika, anakuja mjuzi, anausokota na kuuunganisha tena, analipwa mia mbili. Kila akikata kipande, uzi unakuwa mfupi na stima inayopita inaongezeka. Shawa ya kilowati 5.5 ina omu kama 10.5 na inavuta ampea 23. Punguza uzi kwa sehemu moja ya kumi, inavuta ampea 25 na zaidi, kwenye waya ambao mara nyingi ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Mpangaji hufurahi kwamba maji yamekuwa moto kuliko zamani.

Mwaka jana niliitwa Kisumu, ambako hunicheka nikitaja maji ya moto, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili ambapo wapangaji watatu walikuwa wanatekenywa. Waya wa ardhi ulikuwepo kwenye kila shawa, umefungwa vizuri, zote zimekusanywa kwenye ubao mmoja. Kutoka ubaoni hadi fimbo ya ardhi iliyo nje, hakuna kitu. Shaba ilikuwa imekatwa na kuuzwa kwa kilo. RCD nayo haikuwepo. Shawa moja tu ndiyo iliyokuwa inavuja, lakini nyaya hizo zilikuwa zinaipeleka stima yake kwenye vyumba vyote kumi na viwili. Tuligundua ni ipi kwa kuzichomoa moja moja. Mwenye ploti aliniuliza kama angeweza kuzikata nyaya zote za ardhi, kwa vile ndizo "zinazoleta stima." Nilikunywa maji kwanza ndipo nikamjibu.

Mwalimu, elementi yako imekwisha, sihitaji kuiona. Ukienda dukani nenda na ya zamani mkononi, maana flanji na urefu hutofautiana, na nunua na mpira mpya wa kuzuia maji, usirudishie ule wa zamani. Tazama pia fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya tangi. Ikiwa imebaki waya mtupu, ibadilishe, la sivyo kutu itahamia kwenye tangi. Jaza tangi hadi maji yatoke bombani bila kukohoa ndipo uwashe, kwa sababu elementi mpya ikiwashwa kavu hufa kabla hujashuka ngazi. Ule waya wa ardhi usiuungeunge kwa nailoni pale ulipochomolewa, vuta mpya mpaka kwenye ubao, kisha fundi apime kama fimbo ya nje bado imeunganishwa. Mpaka hapo, mama aoge kwa maji ya sufuria.