Protini na kupungua uzito: majibu ya maswali yenu

Nimepunguza chakula na mizani inashuka, lakini sina nguvu na mikono imelegea. Tatizo ni nini?

Mizani inakuonyesha kilo tu, haikwambii kama kilichopungua ni mafuta au misuli. Ukipunguza chakula, mwili humega vyote viwili, na kwa wengi karibu robo ya uzito unaopotea si mafuta. Dalili zako zinanifanya nishuku misuli, ingawa uchovu ukiendelea nenda ukapime damu.

Anayepunguza uzito anafaa kula gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni gramu 84 hadi 112. Mayai matatu yana kama gramu 18, gramu 100 za kifua cha kuku kilichopikwa zina karibu 30, na kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Igawe protini hiyo kwenye milo yote, usiirundike usiku.

Halafu fanya mazoezi yanayoelemea misuli: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kunyanyua vitu vizito, angalau mara mbili kwa wiki. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hukazania sahani wakasahau mazoezi, na misuli isiyotumika hupungua hata ukila vizuri.

Nikiongeza protini bila kupunguza kingine, nitapungua?

Hapana. Gramu moja ya protini ina kalori 4, sawa na wanga. Faida yake ni kwamba hushibisha kwa muda mrefu, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake katika kuimeng'enya tu. Kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10. Ni msaada, si muujiza. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia watu 811 kwa miaka 2: waliopangiwa protini nyingi na waliopangiwa kidogo walipungua karibu sawa, maana wote walipunguza kalori.

Lazima ninunue unga wa protini?

Si lazima. Chakula cha kawaida kinatosha, labda uwe huna hamu ya kula kabisa.

Ni kweli protini nyingi huua figo?

Kwa figo nzima, viwango nilivyotaja havijaonekana kuleta madhara. Figo zilizodhoofika ni habari nyingine, na nyingi hudhoofika kimyakimya. Ukiwa na kisukari au presha, tafadhali pima mkojo na kreatinini (taka iliyo kwenye damu inayoonyesha figo zinafanyaje kazi) kabla ya kubadilisha chochote.

Nina miaka 66. Asubuhi nakunywa chai na mkate, na nyama nimeacha kwa sababu ya umri. Nakosea?

Shikamoo mama. Kuacha nyama si kosa. Hatari ni kuiacha bila kuweka kitu mahali pake. Umri ukisogea misuli huwa mizito kuitikia protini, ndiyo maana wazee hushauriwa gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, wakati kiwango cha chini cha mtu mzima ni 0.8. Samaki, mayai, maziwa, dengu na maharage vinatosha kabisa, na moyo wako utanufaika. Nyama za kusindika kama soseji ziache kweli: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Hiyo chai ya asubuhi iwe ya maziwa, na mkate uende na mayai mawili.