Pointi zimegoma kwenye 2,147,483,647

SWALI: Mambo kaka, kuna gemu nacheza kwenye simu, juzi pointi zikafika 2,147,483,647 zikaganda hapo hapo, nacheza mpaka vidole vinauma haiongezeki hata moja, hii namba ina nini jamani au ndo nimerogwa?

JIBU: Hujarogwa mdogo wangu, debe limejaa tu. Programu nyingi zinatunza namba kwa biti 32, yaani vijisanduku 32 vya kuweka 0 au 1, biti moja inashika alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na zote zikiwa 1 unapata hiyo hiyo yako, yaani 2 kwa kipeo cha 31 toa 1. Aliyetengeneza gemu hakutegemea mtu king'ang'anizi kama wewe.

Ila utamu wenyewe ni kwamba hiyo ni namba tasa, na mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772, kwa mkono, hamna kalkuleta! Ukienda kichwakichwa inabidi ujaribu kuigawa kwa namba tasa zote mpaka kama 46,340, yeye akaonyesha kigawanyo chochote kikiwepo, ukikigawa kwa 248 lazima kibaki 1 au 63, basi zikabaki chache. Ya kwanza ya kujaribu ni 311, gawa namba yako kwa hiyo uone, inabaki 35.

Saa za kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu 1970 nazo zitagota hapo hapo, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Kuhusu pointi zako, anza upya tu.