Re: Programu moja ya hela zangu na za kikundi? Mkuu, usithubutu

Mkuu, weka simu chini kwanza. Usiguse kitu.

Nimesoma uzi wako mara mbili nikawa kama najisoma mwenyewe miaka sita iliyopita. Umechaguliwa mweka hazina wa kikundi, hela zako binafsi unazifuatilia vizuri kwenye programu ya bajeti ya simu, na sasa unataka uingize na za kikundi humo humo, "nitazitenganisha kwa lebo tu". Halafu ukauliza ulipie toleo kubwa au ubaki na la bure, bajeti ya kikundi uipangeje, na picha za risiti uzihifadhi wapi. Waliochangia juu yangu wote wamekimbilia kwenye toleo la kulipia. Wanabishana rangi ya ndoo na kisima hakijachimbwa.

Hiyo lebo ndiyo iliyonimaliza mimi.

Nilimsikiliza bwana mmoja wa video za fedha, mwenye maikrofoni kubwa kuliko hoja. "Pesa zako zote, mahali pamoja, mfumo mmoja." Kwenye skrini yake lebo zinang'aa kijani na chungwa, anabofya mara moja ripoti inatoka kama mkate. Hakusema kwamba yeye hana kikundi. Hakuna hata mtu mmoja duniani anayemdai maelezo ya hesabu. Nilipokuja kumwandikia yaliyonikuta, alinijibu kwa kiungo cha kozi yake ya kulipia.

Basi nikaunganisha akaunti mbili za benki kwenye programu yangu. Ya kwangu, na ya kikundi ambayo ilikuwa imefunguliwa kwa jina langu "kwa muda" (wote tunajua muda huo huwa mrefu kiasi gani). Kila muamala wa kikundi naubandika lebo ya KIKUNDI. Miezi minane mambo yalikuwa mazuri mpaka nikaanza kuwashauri wengine. Ndiyo, mimi pia niliwahi kuwa mtu wa maikrofoni.

Kumbe hesabu zilikuwa zinaoza kimya kimya. Chukua mfano huu. Kikundi kinahitaji karatasi na wino wa printa, nalipa kwa kadi yangu, naweka lebo. Baada ya siku mbili najirudishia hela kutoka akaunti ya kikundi, naweka lebo tena. Programu inaona matumizi mawili ya kikundi: karatasi nilizonunua, na hela iliyotoka kwenda kwangu. Upande wangu inaona mapato. Kwa hiyo kikundi kinaonekana kimetumia mara mbili, na mimi naonekana nimepata nyongeza ya mshahara. Nilikuwa natazama ule mchoro wa duara najiona nimeanza kuwa mtu mwenye uwezo.

Halafu ikaja Jumapili usiku. Nagundua nina lebo mbili, "KIKUNDI" na "Kikundi", kwa sababu simu ilikuwa inajisahihishia herufi yenyewe. Nikasema nisafishe. Nikaishika ile ya herufi kubwa, nikabonyeza futa. Programu ikauliza, "Una hakika?" Nilikuwa na hakika kabisa, maana nilidhani itaziunganisha. Miamala 412 ikavuliwa lebo na kumwagwa kwenye fungu la "Mengineyo", imechanganyika na nauli zangu, bili zangu, na vitu vya kujifurahisha ambavyo sitavitaja. Kitufe cha kurudisha hakipo. Nikakimbilia kompyuta nikitumaini kule bado pako salama. Kulikuwa kumeshasawazishwa. Ujinga wangu ulifika kwenye vifaa vyote ndani ya sekunde chache. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kusawazisha si kuhifadhi nakala. Kusawazisha ni kulibeba kosa lako kwa kasi.

Wiki tatu nilikaa na taarifa za benki zilizochapwa, rula na kalamu nyekundu, nashuka mstari kwa mstari. Mingi niliitambua. Iliyobaki ilikuwa na maelezo kama "Uhamisho" au "Malipo 14", kwenda kwa mtu ambaye nilikuwa namlipa kwa kazi za kikundi na kazi zangu pia. Ile 14 ilikuwa ya nani? Mpaka leo sijui. Mwisho wa yote likabaki pengo la karibu mishahara yangu miwili na nusu, bila karatasi ya kuthibitisha kwamba sikuila. Sikuwa nimeiba hata peni ya ofisi. Sawa, peni moja. Lakini mweka hazina asiye na ushahidi na mweka hazina mwizi, ukiwasimamisha mbele ya mkutano wanafanana kama mapacha. Nikalipa.

Na haikuishia hapo. Siku ya kukabidhi, mwenzangu anayepokea ofisi anataka kuona kumbukumbu. Kumbukumbu ziko ndani ya akaunti yangu, chini ya nywila yangu. Nikaunganisha simu kwenye projekta. Ukurasa wa kwanza uliofunguka, kwa herufi za kusomeka mpaka mlangoni: "Deni la shemeji – asijue mama watoto." Mama watoto alikuwa amekaa mstari wa pili.

Kwa hiyo mkuu, kabla hujauliza programu gani, tenganisha. Usitenganishe kwa lebo, tenganisha kwa ukuta. Akaunti ya benki ya kikundi iwe kwa jina la kikundi na wasaini wasiopungua wawili. Faili la hesabu liwe la kikundi peke yake. Anwani ya barua pepe ya kufungulia programu iwe ya kikundi, ili siku ukitoka unakabidhi nywila na kuondoka, na mapato yako na mashemeji zako unabaki nao mwenyewe. Mwenyekiti mpe haki ya kuona tu, bila kuhariri. Ukilazimika kulipia kitu cha kikundi kutoka mfukoni, andika kwenye kitabu cha kikundi kwamba kinakudai... hapana, kwamba wewe unakidai. (Unaona? Bado nachanganya.) Hela ikirudi, unafuta deni, huandiki matumizi mapya.

Hiyo ndiyo maana ya hesabu za pande mbili. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliieleza kwenye kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, kwamba kila kinachotoka mahali sharti kionekane kimeingia mahali pengine. Programu nyingi za bajeti za simu zinaficha hilo ili zionekane rahisi. GnuCash, programu ya hesabu ya kompyuta, ni ya bure na inafanya hesabu za pande mbili, lakini itakutoa jasho wiki ya kwanza. Hata lahajedwali la kawaida (kama Excel) lenye ukuta ni bora kuliko programu ya bei mbaya isiyo na ukuta. Na kila mwisho wa mwezi linganisha salio la kitabu na salio la benki. Zikipishana hata kwa kiasi kidogo, usilale. Mimi ningelinganisha mwezi wa kwanza tu, yale matumizi ya mara mbili ningeyaona mapema.

Najua wapo watakaosema kosa ni langu, si la programu. Sawa, cheka tu. Mwaka 2020 Uingereza walipoteza visa karibu 16,000 vya korona kwenye ripoti zao kwa sababu walitumia faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Na hao walikuwa na wataalamu. Mimi nilikuwa na video.

Kuhusu kulipia, kabla hujatoa hela jaribu kutoa data zako zote kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingi zinalifungua) uone kama zinatoka kamili. Mint, programu ya bajeti ya Marekani, ilikuwa na watumiaji wengi sana, ikafungwa Machi 2024. Waliokuwa wamepakua faili zao walibaki na kumbukumbu.

Uliuliza na bajeti, na nini tena, risiti? Nitarudi jioni. Ila nijibu hili kwanza, maana umeliruka kwenye uzi wako wote: hiyo akaunti ya benki ya kikundi imefunguliwa kwa jina la nani?