Maswali na majibu: msimu wa vuli wa matamasha ya klasiki chuoni

Nitajuaje wakati wa kupiga makofi? Juzi nilipiga peke yangu ukumbi mzima.

Hesabu sehemu. Kijitabu cha programu huorodhesha sehemu za kila utunzi: simfoni (utunzi mrefu wa okestra nzima) mara nyingi ina nne, konseto (chombo kimoja kikiongoza pamoja na okestra) mara nyingi ina tatu, na makofi husubiri ya mwisho. Usione haya, maana enzi za mtunzi Mozart watu walishangilia hata muziki ukiendelea, naye akafurahi. Mitego ipo. Kwenye Simfoni ya 5 ya Beethoven, sehemu ya tatu inaingia ya nne bila kituo, kwa hiyo anayehesabu vituo hupotea. Simfoni ya 6 ya Tchaikovsky, ya mwaka 1893, imewanasa wengi zaidi: sehemu ya tatu inakwisha kwa kishindo, watu wanalipuka kwa makofi, kumbe imebaki ya nne, ya majonzi, inayozimika taratibu kwenye selo na besi. Ukichanganyikiwa, tazama mikono ya kiongozi wa okestra. Ikiwa bado juu, ule ukimya nao ni sehemu ya muziki.

Kwa nini wote humsubiri mpiga obo kabla ya kuanza?

Obo ni ndugu wa zumari: ina tete mbili, na sauti yake nyembamba hupenya katikati ya vyombo vingine vyote. Hutoa noti ya A, ambayo wote hupatanisha vyombo vyao nayo, kwa kawaida hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), ingawa okestra nyingi za Ulaya hupanda hadi 442. Piano ikiwapo jukwaani, obo nayo hufuata piano, kwa sababu piano haiwezi kurekebishwa dakika ile. Mtasikia wakirudia baada ya mapumziko pia. Ukumbi ukipata joto, sauti ya vyombo vya kupuliza hupanda na nyuzi hulegea, hivyo makundi hayo mawili huachana.

Tuliandaa onesho la piano. Fundi aliipatanisha asubuhi, jioni ikawa imeharibika. Alitudanganya?

Hapana, tatizo ni hewa. Chini ya nyuzi za piano kuna ubao mpana wa mbao unaovimba kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu. Vuli, yaani majira ya kuingia baridi, ni majira mabaya hasa, kwani vipasha joto vinawashwa kwa mara ya kwanza na unyevu unaporomoka. Ubao ukisinyaa, nyuzi hupungua mkazo na sauti hushuka, ila si kwa kiasi kimoja kote. Noti nyingi zina nyuzi tatu. Mmoja ukiteleza kidogo tu, noti moja husikika ikiyumba, wau-wau-wau, kama inatetemeka.

Ingizeni piano jukwaani siku moja kabla, mbali na tundu la hewa ya moto. Washeni joto na taa kama itakavyokuwa usiku wa onesho, na mlenge unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Mwiteni fundi baada ya mazoezi ya mwisho, si kabla, na mpeni saa moja na nusu ya kimya kamili. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni viti kuburutwa wakati yeye anasikiliza. Hapo hawezi kufanya kazi.

"Op. 67" na "K. 550" maana yake nini?

Ni namba za utunzi. Op. (opus, yaani kazi) mara nyingi hufuata mpangilio wa kuchapishwa. 67 ni ile Simfoni ya 5 ya Beethoven. K. ni orodha ya kazi za Mozart iliyotolewa na mtafiti Köchel mwaka 1862; 550 ni Simfoni ya 40. Bach ana BWV, orodha ya kazi zake.

Nikae wapi?

Kwa okestra, epuka safu za mbele kabisa, utasikia fidla tu. Chini ya roshani sauti hufifia. Kwa kwateti ya nyuzi (fidla mbili, viola na selo) sogea karibu, hata safu ya nne, usikie upinde ukikamata uzi. Kwa piano, upande wa kushoto ndiko utakakoona mikono.

Nina kikohozi. Nije?

Kama si kikali, njoo. Fungua pipi zako zote kabla ya kuanza, maana kuikwangua karatasi polepole hakupunguzi kelele, kunairefusha. Kohoa kwenye kitambaa au mkono wa nguo, na chagua kiti cha ukingoni karibu na mlango.