Je, jina Baraka ni jina la Shetani kwa Kiebrania?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mwanangu wa miaka sita anaitwa Baraka. Nilimpata baada ya mimba mbili kuharibika. Mwezi uliopita kwenye ibada ya nyumbani, mtumishi mmoja alituonyesha video kwamba katika Luka 10:18 Yesu alilitaja jina la mpinga Kristo, eti "baraki" ni umeme kwa Kiebrania. Akasema nikimwita mwanangu wakati wa mvua naikaribisha radi, na jina lifutwe kwa maombi yenye sadaka maalumu. Huku Kanda ya Ziwa radi tunazijua. Tangu siku hiyo namwita "wewe". Juzi kaniuliza, "Mama, mimi siku hizi naitwa nani?" Nifanyeje?

JIBU: Mama Baraka, nakuita hivyo makusudi. Nimelisoma swali lako mara tatu na kila mara nimekwama kwenye hilo swali la mtoto. Lakini tuanze na Kiebrania, maana ndicho ulichotishiwa nacho.

Umeme ni baraq, neno linaloishia na herufi qof, ndugu wa qaf ya Kiarabu katika barq. Kubariki ni shina jingine kabisa, lenye kaf. Ndilo lililompa jina Baruku, mwandishi wa Yeremia, na ndilo ndugu wa baraka ya Kiarabu iliyoingia katika Kiswahili chetu. Sisi herufi hizo hatuzitenganishi, basi masikioni yanafanana. Ni kama mtu akuambie paa wa porini ndiye paa la nyumba.

Hiyo video ni ya zamani. Ilianza kusambaa mwaka 2009, Barack Obama alipoingia madarakani, na shabaha yake ilikuwa siasa za Marekani, si wokovu wa mtu. Walichukua baraq, wakaunga "o", wakapachika bama, wakasema hiyo ni "umeme kutoka mbinguni". Aibu tupu! Luka aliandika Kigiriki, na neno lake ni astrape. Ukisema Yesu alinena Kiaramu, sawa, lakini Kiaramu kingekuwa barqa. Hiyo "o" ni kiunganishi "na", haijawahi kuwa "kutoka". Bama nayo si mbingu. Ni kilima cha kuabudia, pale "mahali pa juu" ambapo wafalme wa Yuda wanalaumiwa kwa kutopaondoa. Mbingu ni shamayim, neno lililomo katika mstari wa kwanza kabisa wa Biblia! Na Obama mwenyewe, ambaye jina hilo alilirithi kwa baba yake Mkenya, alisema mwaka 2004 kwenye mkutano wa chama chake kule Boston kwamba maana yake ni aliyebarikiwa. Hata huyo waliyemlenga hawakumpata.

Halafu wameliruka neno "kama". "Nilimwona Shetani, akianguka kutoka mbinguni kama umeme." Ukisema mtoto kakimbia kama swala, hujambadilisha jina. Kama umeme ni Shetani, tufanyeje na Mathayo 24:27, ambapo Yesu anaufananisha na umeme ujio wake mwenyewe? Na malaika wa kaburini, ambaye sura yake ilikuwa kama umeme?

Katika Agano la Kale baraq ni chombo cha Mungu. Unamulika Sinai asubuhi ya siku ya tatu (Kutoka 19:16). Ni mng'ao wa upanga wake katika Kumbukumbu la Torati 32:41, na Zaburi ya 18 inautaja pamoja na mishale yake. Mahali ninapopapenda zaidi ni Ayubu 38:35. Mungu anamuuliza Ayubu kama anaweza kuutuma umeme, nao ukamwambia, "Sisi tupo hapa." Ni jibu la aina ile ile aliyotoa Isaya: "Mimi hapa, nitume mimi." Yaani umeme ni mtumwa anayeitikia labeka.

Mtu anaweza kunibana kwamba yuko Baraka mmoja wa Biblia ambaye jina lake kweli ni Umeme. Yupo. Ni mwana wa Abinoamu katika Waamuzi 4, aliyeandikwa Baraka katika Biblia yetu ya Union. Alishuka mlima Tabori na watu elfu kumi kumkabili Sisera mwenye magari ya chuma 900, mawingu yakadondosha maji, mto Kishoni ukawasomba adui. Waebrania 11:32 inamtaja miongoni mwa mashujaa wa imani. Basi hata mtumishi wako angekuwa sahihi kuhusu neno, angekuwa amekosea kuhusu mtu.

Radi haina masikio, mama. Hupenda kupiga kilichoinuka: mwembe, mlingoti, mtu aliyesimama peke yake uwanjani au kwenye mtumbwi. Mvua ikianza kunguruma, mwite mtoto aingie ndani, na umwite kwa sauti. Chomoa televisheni.

Sadaka hiyo usitoe. Kama umeshatoa, usijilaumu, ulikuwa umeogopeshwa na mtu aliyekujua unapouma. Hizo mimba mbili pia usiruhusu mtu azifanye ushahidi dhidi ya huyu aliyeishi. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko Kiebrania chote.

Leo jioni mketishe karibu nawe, umsimulie ulivyomsubiri na kwa nini ulimpa jina hilo. Muombe na msamaha, watoto wanaelewa. Akiuliza tena anaitwa nani, mtajie jina lake lote kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, hata kama nje mvua inanyesha.