Kabla hujawasha grenda: namna ninavyotengeneza mashine mpya

Vijana wanaonitafuta wakiwa na wazo la mashine, swali lao la kwanza karibu kila mara ni bei ya mota. Wengine wameshanunua kabisa, ipo ndani ya boksi lake, sasa wanatafuta mtu wa kuwachomelea "hiyo fremu tu". Huwa nawarudishia swali: mashine yako ikishamaliza kazi, tutajuaje kwamba imeifanya vizuri? Hapo wengi hunyamaza. Basi tuanzie hapo, kwa sababu mota ni kitu cha kuamua baadaye sana.

Vyuoni mchakato wa usanifu hufundishwa kwa hatua: tatizo, mahitaji, mawazo, uchaguzi, sampo, majaribio, uzalishaji. Sina ugomvi na hatua hizo. Shida ni mtu kuzipitia kama anayejaza fomu, kila moja anaweka tiki. Baada ya miaka ya kutengeneza mashine ndogondogo hapa Dar, za kukuna nazi, kusaga karanga na nyinginezo, mimi nauliza jambo moja tu kwenye kila hatua: ni kitu gani kinaweza kuiangusha mashine hii, na nitakijuaje leo kwa pesa kidogo? Chuma kikishakatwa, jibu la swali hilo huwa ghali.

Nichukue mashine moja tuifuate, ya kukata viazi vya chipsi. Aliyeagiza ni dada mmoja mwenye banda Sinza.

"Fundi, nataka yenye mota, kama zile za YouTube."

"Mota ya nini, dada?"

"Vijana wangu wanachelewa kukata."

Nilimwomba nikae bandani kwake jioni, niangalie tu. Hii ndiyo sehemu ambayo wahandisi wengi wanairuka, na kama ningelazimika kuchagua hatua moja ya kuilinda, ningeilinda hii. Kijana mwenye kisu kikali anakata kiazi haraka kuliko unavyodhani. Uchelewaji ulikuwa kwenye karai. Chipsi hazikulingana unene, kwa hiyo nyembamba zilikuwa zinaungua wakati nene bado mbichi katikati, na mkaangaji alisimama na chujio akichagua moja moja huku foleni ikirefuka. Halafu ilipofika kama saa tatu usiku, viazi vilivyokatwa mchana vikaisha, na kijana wa kukata ndiye huyohuyo anayepeleka sahani mezani. Umeme wenyewe wa banda ni waya mmoja uliovutwa kutoka duka la jirani, unawasha taa na redio. Mota ya nguvu farasi moja inatoa wati 746, na wakati wa kuwaka inavuta umeme mwingi zaidi ya hapo. Yule jirani na LUKU yake asingekubali. Mota ikaondoka kwenye mjadala, na hatujatumia hata shilingi.

Toyota wana desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano mfululizo kabla ya kugusa kitu, desturi inayohusishwa na Sakichi Toyoda mwenyewe. Tano si namba takatifu. Mimi huuliza mpaka jibu liwe kitu ninachoweza kukipima.

Baada ya hapo naandika mahitaji, ukurasa mmoja, na mteja akiwa amekaa pembeni yangu. "Iwe imara" na "iwe ya kisasa" hayaingii. Tuliandika hivi: chipsi ziwe mraba wa milimita 10, tofauti isizidi milimita 1, ndoo ya lita 20 ya viazi vilivyomenywa ikatwe ndani ya dakika 15, mtu akate kiazi kwa kuvuta mpini mara moja, bila kuning'inia, isitumie umeme, visu vitoke na kuoshwa bila spana, iingie kwenye lile kabati analolifunga usiku. Mwishoni akataja bei ambayo juu yake hanunui. Mbele ya kila mstari nikaandika tutaupimaje. Mstari ambao hujui utaupimaje, ufute au uuvunje mpaka upimike. Ukiuacha hivyohivyo utakuja kubishana na mteja siku ya kukabidhi, na mara nyingi atakushinda, maana pesa anayo yeye.

Kwenye kuchagua wazo natumia jedwali la Stuart Pugh, Mwingereza aliyekuwa profesa wa usanifu Chuo Kikuu cha Strathclyde. Unachukua njia inayotumika sasa, kwetu ilikuwa kisu, unaifanya kuwa msingi. Mawazo mengine unayapanga pembeni: mpini wa mkono na pedali ya mguu. Kwa kila hitaji unaweka jumlisha, toa, au sawa, ukilinganisha na kisu. Utamu wa jedwali hauko kwenye kuhesabu alama. Uko pale unapoona wazo lililoshinda lina "toa" moja mbaya, ukaenda kuiba dawa yake kwenye wazo lililoshindwa. Mpini ulishinda, lakini ukiuvuta mashine yote inanyanyuka mezani. Pedali haina shida hiyo kwa sababu imekaa chini. Tukachukua mpini, tukaufunga kwenye stuli ambayo mkataji anaikalia, uzito wake mwenyewe ukawa ndio nanga.

Sasa hapa ndipo watu hukimbilia kuchora fremu. Fremu ya bomba la skwea haiwezi kukuua, kila mtu anajua kuitengeneza. Kilichokuwa na hatari ni wavu wa visu: je, kiazi kitapita, au kitapasuka? Kwa hiyo nilitengeneza wavu peke yake, nikauweka juu ya mizani ya kupimia watu, ile ambayo vijana hutembea nayo stendi, nikakandamiza kiazi kwa kipande cha ubao huku nasoma mshale. Hiyo ndiyo maabara yangu, na ilinifundisha mambo mawili. La kwanza, unene wa kisu una kazi kubwa kuliko ukali wake. Kisu kinene kinasukuma nyama ya kiazi pembeni, na kwa kuwa pembeni kuna kisu kingine kinachosukuma kurudi, nguvu inapanda mpaka kiazi kinapasuka vipandevipande. Visu vyembamba vinataka kuvutwa vikaze, la sivyo vinapinda. La pili, visu vyote vikiwa usawa mmoja vinaingia kwa wakati mmoja na mshale unaruka juu. Ukivipanga kwa kupishana, nusu vitangulie na nusu vifuate nyuma kidogo, kazi ni ileile lakini kilele cha nguvu kinashuka waziwazi.

Ukishaijua nguvu, mpini unajipanga wenyewe. Mkono wenye urefu wa sentimita 60, unaosukuma kiazi kwenye sentimita 10 kutoka kwenye egemeo, unazidisha mvuto wako mara 6. Mtu akivuta kilo 10, kiazi kinapata kilo 60, ukiacha kinachopotea kwenye msuguano. Hesabu ya darasani kabisa, lakini huwezi kuifanya kama hukupima upande wa kiazi kwanza.

Kuhusu stenlesi, kuwa makini. Dukani watakutolea sumaku: ikishika wanakwambia feki, isiposhika wanakwambia orijino. Sumaku haitoshi. Stenlesi ina madaraja yanayoitwa kwa namba: ya 201 kwa kawaida haishikwi na sumaku, na bado inapata kutu mapema kuliko 304. Ile ya 420, ambayo hutumika sana kwenye visu kwa sababu inakubali kukomazwa kwa moto, sumaku inaishika vizuri tu, wala si feki. Mimi nakata kipande, nakiloweka kwenye maji ya chumvi siku kadhaa, nakiangalia. Banda la chipsi lina chumvi mezani na hewa ya bahari juu yake, kwa hiyo jaribio hilo si la kutisha mtu.

Kisha vipimo. Jiji hili linaishi na inchi na milimita kwa pamoja, na hapo mashine nyingi huharibikia. Ukimtuma kijana akalete nondo laini ya inchi robo tatu kwa ajili ya shafti, ataleta milimita 19.05. Beringi ya 6204 ina tundu la milimita 20. Kwa macho inaingia, tena inaingia vizuri sana, halafu baada ya wiki mashine inapiga kelele. Usidhani ni ushamba wetu: mwaka 1999 NASA walipoteza chombo kizima cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Andika kipimo kimoja kwenye mchoro wote, na pale sehemu mbili zinapokutana andika pia nani anamfuata nani. Mimi naanzia kwenye kitu cha kununua. Beringi siwezi kuibadilisha, kwa hiyo shafti ndiyo inakerezwa kuifuata. Bolti nachagua M8, inafunguka kwa spana ya 13 ambayo haikosekani gereji yoyote. Na shiti inauzwa futi 4 kwa 8, kwa hiyo kabla ya kupitisha upana wa sehemu yoyote najiuliza zinatoka ngapi humo na kinachobaki ni kiasi gani.

Sampo ya kwanza ya umbo zima iwe ya plaiwudi au hata boksi, ukubwa halisi. Ipeleke mahali itakapofanya kazi. Ya kwetu ilionyesha papo hapo kwamba mpini ukirudi juu unagonga bati la banda, jambo ambalo karakana yenye dari refu isingekuonyesha. Ukimpa mtumiaji, usimweleze chochote. Mpe, kaa kimya, angalia mkono wake unaenda wapi. Wa kijana yule ulikwenda chini ya visu kukinga chipsi. Hatari hiyo sikuwa nimeiandika popote, na nilikuwa na jedwali zima la hatari, lile ambalo jeshi la Marekani lilianza kulisambaza mwaka 1949: sehemu gani inaweza kushindwa, madhara yake, inatokea mara ngapi, na utaigundua kirahisi kiasi gani. Jedwali ni zuri, lijaze. Ila hutoliona jambo ambalo hukulifikiria mpaka uone mtu mwingine akilifanya. Tuliongeza mteremko wa bati unaomwaga chipsi moja kwa moja kwenye ndoo, mkono ukakosa sababu ya kwenda kule.

Wenzetu wa programu pale Kijitonyama huniambia nitoe haraka, nirekebishe baadaye. Kwao inafanya kazi, wanasukuma toleo jipya usiku na asubuhi kila simu inalo. Mimi toleo jipya lazima nilipakie kwenye bajaji. Nilichochukua kwao ni kujaribu vipande vidogo peke yake, kama ule wavu.

Sampo moja ikifanya kazi bado huna bidhaa. Ukiwapa mafundi watatu mchoro mmoja, kila mmoja na futikamba yake, utapata mashine tatu ambazo visu vya hii haviingii ile. Kabla ya oda ya kumi, tengeneza jigi: meza ya chuma yenye vizuizi ambapo vipande vinakaa sehemu moja tu, fundi anachomelea bila kupima. Tengeneza pia kipimo cha ingia-usiingie, kipande chenye ncha mbili. Ncha moja lazima ipite kwenye nafasi ya kasha la visu, nyingine lazima igome. Kijana wa jana anaweza kukitumia. Pesa ya jigi inauma kuliko pesa nyingine yoyote kwenye safari hii, na ndiyo ninayoitoa bila kubishana.

Karatasi zisikae mwisho kabisa. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya alichobuni, na alama za biashara zinashughulikiwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na hataza hupewa kitu kipya, kwa hiyo kaulize kabla hujaipeleka mashine kwenye maonyesho ya Sabasaba watu wakaipiga picha. TBS, shirika la viwango, nenda mapema ukaulize kama kuna kiwango kinachokuhusu. Kikiwepo, kinaingia kwenye ule ukurasa wa mahitaji. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wapo tangu 1973 na wana ofisi mikoani, usidhani ni za wenye viwanda tu.

Mashine zikishatoka, nina daftari la simu. Mteja akilalamika naandika tatizo, tarehe, na herufi ya toleo iliyogongwa kwenye fremu yake. Tatizo likijirudia kwa mteja wa pili, mchoro unabadilika na herufi inasogea. Mashine ya dada wa Sinza ina A, zinazotoka sasa zina D, na mtu akipiga namuuliza herufi kabla sijamuuliza kilichotokea, kwa sababu mpini wa A unafungwa kwa bolti mbili na wa D kwa tatu.